Laptopu Imeingiwa na Virusi? Linda Pesa Kwanza, Kisha Uirudishe Ilivyotoka Kiwandani

Wengi wetu tunaamini kwamba pesa za simu zinakaa kwenye simu, basi. Simu ikiwa mfukoni na PIN ikiwa kichwani, tunalala usingizi. Lakini hebu angalia ile laptopu ndogo iliyo kaunta ya duka, au ile ya nyumbani inayotumiwa na kila mtu. Ndani yake kuna taarifa za akaunti ulizopakua ukitafuta mkopo. Kuna picha ya kitambulisho chako, pande zote mbili. Kuna cheti cha KRA. Kuna barua pepe iliyofunguliwa tangu mwaka jana na haijawahi kufungwa. Kuna WhatsApp ya wateja, na pengine ukurasa wa kuangalia malipo yanayoingia kwenye tili.

Mwizi akiingia hapo, hana haja ya kugusa simu yako. Anakusanya habari zako taratibu, kisha anakuja kuzitumia siku hujui hujambo.

Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu jambo ambalo wateja wengi huliacha mikononi mwa fundi bila kuelewa: jinsi ya kusafisha kabisa laptopu iliyoingiwa na programu hasidi, na kuirudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe Jumamosi moja. Ila ina mpangilio wake, na ukikosea mpangilio unaweza kubaki na laptopu safi na akaunti iliyofagiliwa.

Utajuaje kwamba imeingiwa?

Sio kila laptopu inayokwenda pole ina virusi. Laptopu ndogo nyingi zina nafasi finyu, na zikijaa zinakuwa nzito. Lakini dalili hizi zikija mbili au tatu pamoja, shtuka:

- Matangazo yanajitokeza yenyewe hata kama hujafungua ukurasa wowote.
- Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika, na kila unachotafuta kinakupeleka mahali usipopajua.
- Programu ya kuzuia virusi imezimwa, na ukiiwasha inazima tena.
- Folda kwenye flashi zimegeuka kuwa njia za mkato. Hii ni ya kawaida sana kwa flashi zinazozunguka saiba na maduka ya kuchapisha.
- Faili hazifunguki, na kuna ujumbe unaodai ulipe ndipo urudishiwe.
- Marafiki wanakuuliza mbona unawatumia viungo vya ajabu.

Na kuna aina mbaya zaidi, ile isiyoonyesha dalili yoyote. Inaingia, inachukua paswadi zote ulizohifadhi kwenye kivinjari, inazituma kwa mwenyewe, na inanyamaza. Mara nyingi inakuja ndani ya programu ya kulipia ambayo mtu amekupa bure, au faili inayoitwa risiti lakini kumbe ni programu. Ukiona jina kama “risiti.pdf.exe”, hiyo sio risiti.

Saa ya kwanza: weka laptopu kando, shika simu

Watu wengi wakigundua virusi wanakimbilia kubadilisha paswadi papo hapo, kwenye laptopu ile ile. Usifanye hivyo. Kama kuna programu inayorekodi kila herufi unayobonyeza, umemkabidhi mwizi paswadi mpya ikiwa bado moto.

Fanya hivi badala yake.

Kata mtandao. Zima WiFi ya laptopu, chomoa kebo, zima hotspoti ya simu. Programu hasidi isiyo na intaneti haiwezi kutuma wala kupokea amri.

Tumia simu yako kwa bando, sio laptopu. Anza na barua pepe, kwa sababu ndiyo ufunguo wa vyumba vingine vyote. Mtu aliye na barua pepe yako anaweza kubonyeza “nimesahau paswadi” kila mahali. Badilisha paswadi, kisha uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Hatua hiyo ya pili ni muhimu sana. Programu hizi huiba pia ile alama ambayo kivinjari hutumia kukumbuka kwamba tayari umeingia, na mwenye alama hiyo anaweza kuingia bila kuulizwa paswadi.

Kata WhatsApp ya laptopu. Kwenye simu, fungua WhatsApp, nenda kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa kila kifaa.

Angalia kama SMS zako zinaonekana kwenye laptopu. Hapa wengi hawajui. Programu ya ujumbe ya Google na ile ya Microsoft ya kuunganisha simu hukuwezesha kusoma SMS ukiwa kwenye kompyuta. Ni raha wakati wa kazi. Lakini laptopu ikiingiwa, misimbo yote ya siri inayotumwa kwa SMS inaonekana na mtu mwingine pia. Fungua programu ya ujumbe kwenye simu, tafuta sehemu ya kuunganisha vifaa, kata.

Sasa geukia pesa. Badilisha PIN ukiwa kwenye simu. Kama una ukurasa wa biashara, badilisha paswadi yake na uangalie kama kuna mtumiaji mpya aliyeongezwa. Pitia miamala ya siku 30 zilizopita. Kuna kitu hukielewi? Tupigie mara moja, usingoje kesho.

Na kumbuka jambo hili: ukilipa mtandaoni, ombi la PIN huja kwenye simu yako. PIN huiandiki kwenye kompyuta. Ukurasa wowote kwenye laptopu unaokuambia uandike PIN yako ya pesa za simu ni mtego, hata kama una nembo yetu na rangi zetu.

Kwa nini hili sio lako peke yako

Chukua mfano wa mweka hazina wa chama chenye watu 20. Laptopu yake ina orodha ya wanachama, nambari zao za simu, nambari za vitambulisho, na nani amechanga ngapi. WhatsApp ya kikundi iko wazi humo humo.

Mwizi hana haja na laptopu hiyo. Anahitaji ujumbe mmoja tu, kutoka kwa akaunti halisi ya mweka hazina, tarehe 4 ya mwezi: “Wapendwa, mwezi huu tumeni mchango kwa nambari hii mpya, ile ya zamani ina shida.” Watu watatuma. Kwani watashuku nini? Jina ni lile, picha ni ile, kikundi ni kile.

Kwa hivyo kama wewe ni mweka hazina, katibu, au mwenye duka, ukishamaliza kulinda akaunti zako piga simu kwa wenzako. Piga, usiandike. Waambie wasifuate maagizo yoyote mapya ya malipo bila kukusikia kwa sauti. Inaweza kuwa aibu kidogo, lakini aibu ya dakika tano ni nafuu kuliko kueleza michango ya mwezi mzima ilikoenda.

Okoa faili, lakini usiokoe virusi

Kurudisha laptopu katika hali ya kiwandani kunamaanisha kufuta kila kitu. Kabla ya hapo, toa unachohitaji.

Nakili picha, hati, PDF na majedwali ya hesabu kwenye flashi au hadi diski ya nje. Hata kama folda zako zote zinaonekana muhimu, usinakili folda nzima nzima bila kuangalia. Acha programu zote. Acha faili zinazoishia na .exe, .bat, .vbs, .scr na .lnk. Majedwali yanayoishia na .xlsm yana uwezo wa kuendesha amri ndani yake, kwa hivyo yatazame kwa jicho la pili.

Kuanzia sasa ichukulie flashi hiyo kama mgonjwa aliye karantini. Usiichomeke kwenye kompyuta ya ofisi wala ya saiba. Itasubiri hadi laptopu iwe safi, kisha ichunguzwe kabla ya faili hata moja kufunguliwa.

Kama folda zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Mara nyingi faili zako halisi bado zipo, zimefichwa tu. Na kama faili zimefungwa na mtu anadai malipo, ushauri wetu ni usilipe. Hakuna kinachomlazimisha mhalifu kukurudishia, na ukilipa amejua wewe ni mtu wa kulipa.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kufuta

*Kwanza, umeme.* Chomeka chaja. Kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa, na laptopu ikizimika katikati inaweza kukataa kuwaka. Kama mtaa wenu una tabia ya kupotea stima, hakikisha betri imejaa kabla hujaanza.

*Pili, ufunguo wa BitLocker.* Laptopu nyingi za Windows za siku hizi hufunga diski kwa njia hii bila mwenyewe kujua. Wakati wa kusafisha, laptopu inaweza kukuomba ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia kwa simu, uutafute, uuandike kwenye karatasi.

*Tatu, bando.* Windows hukupa njia mbili za kupata nakala mpya. Moja hupakua kutoka mtandaoni na inaweza kutumia zaidi ya GB 4. Nyingine hutumia faili zilizomo tayari ndani ya laptopu. Ya mtandaoni ni salama zaidi hapa, kwa sababu virusi vinaweza kuwa vimeharibu faili za ndani. Ukienda nayo, tumia mtandao unaouamini na bando isiyokatika katikati.

Sasa tuisafishe

Kwa Windows 11, fungua “Settings”, kisha “System”, kisha “Recovery”. Kwa Windows 10, ni “Settings”, “Update & Security”, “Recovery”. Halafu:

1. Bofya “Reset this PC”.
2. Utaulizwa kama unataka kubaki na faili zako au kuondoa kila kitu. Chagua “Remove everything”. Ile nyingine, “Keep my files”, ni nzuri kwa laptopu iliyochoka, sio iliyoambukizwa. Inaacha faili zako pale pale, na mgeni anaweza kuwa amejificha katikati yao.
3. Chagua “Cloud download” kama una bando, au “Local reinstall” kama huna.
4. Fungua sehemu ya kubadilisha mipangilio. Washa kusafisha data. Kama laptopu ina diski zaidi ya moja, chagua kufuta zote. Kusafisha data huchukua muda mrefu zaidi, lakini kunafanya iwe vigumu kwa mtu kufufua faili za zamani.
5. Thibitisha, kisha uiache. Itazima na kuwaka yenyewe mara kadhaa. Usiizime kwa nguvu.

Usihofie leseni. Kama laptopu ilikuja na Windows halali kutoka dukani, kwa kawaida itajitambua yenyewe ikishaunganishwa na intaneti. Programu zingine ulizonunua ndizo utakazohitaji kuweka upya, kwa hivyo tafuta risiti na paswadi zake mapema.

Kama haiwaki, au virusi vinakuzuia kuingia

Kwenye skrini ya kuingilia, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kuwasha upya. Utapelekwa kwenye skrini ya bluu yenye njia ya kurekebisha matatizo, na humo utaikuta tena “Reset this PC”.

Laptopu nyingi pia zina mlango wake wa nyuma uliowekwa na mtengenezaji. Kwa HP nyingi ni kubonyeza F11 mara tu unapoiwasha. Kwa Acer, Alt na F10. Kwa ASUS nyingi, F9. Lenovo nyingi zina tundu dogo ubavuni, unabonyeza kwa pini ya karatasi ikiwa imezimwa. Njia hii inaweza kukurudishia Windows ya siku ile uliyoinunua, kwa hivyo jiandae kwa masasisho mengi baadaye.

Laptopu ndogo sana, zile zenye nafasi ya GB 32, zina shida yake. Mara nyingi hazina nafasi ya kutosha hata ya kujisafisha, na kazi inakwama katikati. Suluhisho ni flashi ya angalau GB 8. Kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, pakua zana ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya Windows, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kila kitu kwenye flashi hiyo kitafutwa, kwa hivyo usitumie ile yenye faili zako.

Kama yako ni Chromebook, umebahatika. Toka kwenye akaunti, bonyeza Ctrl, Alt, Shift na R kwa pamoja, kisha ufuate maelekezo ya “Powerwash”.

Na kama unampelekea fundi?

Hakuna ubaya. Kuanzia Luthuli Avenue hadi fundi wa mtaani, kuna watu wanaoijua kazi hii vizuri. Ila nenda na masharti.

Toa faili zako kwanza. Mwambie unataka mfumo mpya kabisa na data kufutwa, sio virusi kuondolewa tu. Uliza Windows atakayoweka inatoka wapi. Nakala iliyovunjwa kufuli inaweza kukuletea virusi vipya siku ile ile uliyolipa kuviondoa. Usimpe paswadi ya barua pepe. Usimwachie simu “ili athibitishe msimbo”. Na PIN yako? Hakuna laptopu duniani inayotengenezwa kwa PIN ya pesa za simu.

Siku ya kwanza na laptopu safi

Umefika mbali, usiharibu sasa. Kabla ya kuweka chochote, unganisha mtandao na uache masasisho yote yaingie. Hakikisha Microsoft Defender imewashwa. Inakuja na Windows bila malipo, na kwa watu wengi inatosha.

Kisha chomeka ile flashi ya karantini. Usifungue kitu. Iamuru Defender iichunguze yote, isubiri imalize, ndipo urudishe faili unazozihitaji.

Hapa angalizo kuhusu umri wa mfumo. Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Bila masasisho ya usalama, mashimo mapya yanabaki wazi. Windows 11 nayo inahitaji angalau GB 4 za kumbukumbu na GB 64 za nafasi, kwa hivyo laptopu nyingi ndogo haziwezi kuibeba. Usiitupe bado. ChromeOS Flex ya Google hutolewa bure na hutosheka na GB 4 za kumbukumbu na GB 16 za nafasi. Kama kazi zako ni barua pepe, majedwali na kurasa za mtandaoni, inaweza kukufaa miaka kadhaa. Angalia kwanza orodha ya Google ya laptopu zinazokubali.

Mwisho, badilisha mazoea matatu:

- Biashara iwe na akaunti yake kwenye laptopu. Watoto na wageni wawe na yao, isiyoruhusiwa kuweka programu.
- Picha za vitambulisho na taarifa za akaunti zisilale kwenye folda ya vipakuliwa. Ukimaliza kuzitumia, zifute.
- Kila Ijumaa jioni, nakili daftari la biashara au la chama kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Nakala iliyochomekwa wakati wote huambukizwa pamoja na laptopu.

Ukiwa tayari umeibiwa

Tupigie kwanza, ili tujaribu kuzuia pesa kabla hazijatolewa. Hifadhi SMS za miamala na piga picha za skrini. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, andikisha, na upewe nambari ya OB. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Piga *106# pia, uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kama laptopu ilikuwa na habari za wateja wako, una jukumu la ziada. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data za watu kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue uvujaji unaoweza kuwadhuru. Duka dogo linaloandika majina na nambari za wateja linahusika pia.

Umekwama kwenye hatua yoyote inayohusu akaunti yako ya pesa? Piga nambari yetu ya huduma kwa wateja iliyoandikwa ndani ya programu yetu ya simu, sio nambari uliyoipata kwenye tangazo lililojitokeza lenyewe. Na ukimjua mweka hazina wa chama mwenye laptopu inayorusha matangazo kila dakika, mtumie makala haya leo, kabla tarehe ya mchango haijafika.